Hajapanda Bado

Mabango ya matamasha hapa Dar es Salaam yana saa zake. Bango likiandika "kuanzia saa 10 jioni", ujue saa 10 hiyo mafundi ndio kwanza wanafunga spika, na kijana mmoja yuko jukwaani anasema "cheki, moja mbili" mbele ya viti vya plastiki na mbwa aliyejilalia. Saa 12 wanaingia wauza maji. Saa 2 usiku anapanda msanii anayetafuta jina, saa 4 anapanda aliyelipata akalipoteza, na kuanzia hapo mshereheshaji anakamata kipaza sauti na kutangaza kila robo saa kwamba yule mliyemfuata yuko njiani, yuko getini, yuko nyuma ya jukwaa anavaa. Huyo mliyemfuata hupanda saa 8 usiku. Kijana wa miaka 16 anayajua haya yote. Mzazi wake hayajui, na ndiyo maana wakikaa sebuleni kupanga saa ya kurudi wanaelewana kirahisi sana.

Mimi ni baba wa binti wa umri huo, na nina gari aina ya Noah. Sifa hizo zikikutana kwa mtu mmoja, kazi inamfuata bila kuiomba.

Mwanzo nilikataa, kama inavyompasa baba. Nikatoa mpaka Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayosema kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto haruhusiwi kuingia disko wala klabu ya usiku. Binti yangu, ambaye hajawahi kusoma hata maelezo ya kwenye pakiti ya tambi, akaniuliza kwa unyenyekevu wote: "Baba, samahani, uwanja una paa?" Nikasema hauna. "Sasa disko gani halina paa?" Mama yake akacheka, na hakimu akishacheka kesi imekwisha. Tukabaki kujadili saa. Yeye alitaka saa 9, mama yake akataka saa 3, tukafungia saa 6 kamili usiku wawe wameshatoka nje. Akakubali haraka mno. Mteja akikubali bei haraka namna hiyo, muuzaji mwenye akili anaimulika noti.

Habari za Noah hazifichiki mtaani. Kabla ya adhuhuri mama wa nyumba ya tatu alishafika na sahani ya vitumbua iliyofunikwa kwa leso. "Shemeji, nasikia unawapeleka watoto." Ukishaviona vitumbua, jibu si lako tena. Mpaka jioni nilikuwa na abiria sita: binti yangu, mpwa wangu wa kiume aliyekuja likizo kutoka Morogoro, mapacha wa kike wa mwalimu, mvulana mmoja mrefu wa Salasala anayelelewa na bibi yake, na mwingine ambaye kwao ni hapahapa Tegeta lakini usiku huo angelala kwa mjomba wake Madale, maelezo yaliyotolewa haraka na kwa sauti ndogo. Wazazi wote waliahidi kuchangia mafuta. EWURA hutangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Jumatano hizo zimeshapita za kutosha, bei imepanda na kushuka, na mchango wangu bado umetulia kwenye kundi la WhatsApp, una alama za dole gumba.

Mkakati wa usalama aliuweka mke wangu. Vijana hawa wanajua nywila ya wifi ya kila jirani, lakini hakuna hata mmoja anayeijua namba ya simu ya mama yake kwa kichwa. Wanaijua kwa picha: ni ile yenye mama amevaa kilemba cha njano. Simu ikizima, mama naye amezimika. Basi akaleta kalamu ya wino akawapanga foleni, akamwandikia kila mmoja namba yangu mkononi. Binti yangu akalalamika kwamba itaonekana kwenye picha, akaomba iandikwe juu ya kiwiko, ndani ya mkono wa shati. Ikaandikwa juu ya kiwiko. Kisha kila mmoja akapewa noti ya elfu tano ya kuficha kiatuni, ya dharura, siyo ya kula. Na mpwa wangu, kwa kuwa ni mgeni na mgeni hakatai, akakabidhiwa kiswaswadu cha mke wangu: simu ya vitufe ambayo betri yake inakaa siku kadhaa na kioo chake hakina thamani ya kumshawishi kibaka. Aliishika kwa vidole viwili, akaitumbukiza ndani ya soksi asije akaonwa nayo.

Marufuku ilikuwa moja tu, nayo ni bodaboda. Hasa ile ya mishikaki, abiria wawili au watatu nyuma ya dereva mmoja ambaye hata yeye mwenyewe hana kofia ngumu. Bodaboda anatakiwa kubeba abiria mmoja. Usiku wa tamasha sharti hilo hulala mapema.

Halafu mahali pa kukutania. Kijana usimwambie "tukutane getini". Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Temeke unaingiza watu 60,000, na kila mmoja wao geti alilotokea ndilo analoliita "getini". Uwanja wetu ulikuwa mdogo kuliko huo, huku Kinondoni, jina nitalihifadhi, lakini mambo ni yaleyale. Wala usimwambie "kwenye muuza mahindi", kwa sababu muuza mahindi ana miguu. Tafuta kitu kilichochimbiwa chini. Mimi nilichagua nguzo ya umeme yenye kibao cha mganga, kimepigiliwa misumari, kinachoahidi kurudisha mume, kazi, nyota na mali iliyoibwa. Nikawaambia: saa 6, chini ya mganga. Wakacheka sana, na kwa kuwa walicheka, hawakusahau.

Niliwashusha saa 1 jioni. Kurudi Tegeta na kuja tena kungekuwa kujitakia foleni ya Barabara ya Bagamoyo mara mbili, zaidi ya kilomita 15 kila upande, kwa hiyo nilibaki. Sikuwa peke yangu. Nje ya kila tamasha la vijana kuna tamasha la pili la wazazi, halina kiingilio, na sijui kwa nini hakuna gazeti linaloliandika. Kulikuwa na bwana mmoja aliyevaa suruali ya suti na kandambili. Kulikuwa na mama wa makamo ndani ya dera, na RAV4 yake, amekuja na chupa ya chai na mto wa kulalia. Kulikuwa na mzee aliyelaza kiti cha gari akakoroma mpaka vioo vikafanya ukungu. Muuza kahawa akatufikia akigonganisha vikombe vyake, na tulipoona ana kashata tukamzuia asiende kwingine. Tulianza na Simba na Yanga, tukapita kwenye ada za shule, tukaishia kwa "watoto wa siku hizi", mada ambayo haina mwamuzi wala filimbi ya mwisho.

Kufikia saa 5 tulikuwa tunajua orodha ya wasanii kuliko waliokata tiketi. Baba mmoja, mhasibu kwa sura na kwa tabia, alikuwa anaandika nyuma ya risiti ya mafuta: amepanda, ameshuka, bado. Kila msanii akishuka jukwaani tulipumua. Kila mara mshereheshaji alipoongeza "mwingine wa kushtukiza" tuliguna kwa pamoja, na yule mama wa dera alitamka neno ambalo sikulitegemea kwa mtu mwenye mto uliodariziwa maua. Na mimi sielewi mpaka leo. Hawa vijana watalipa kiingilio kilekile hata huyo nyota wao akipanda saa 3. Hakuna mtu aliyewahi kudai arudishiwe hela kwa sababu msanii amewahi.

Saa 6 ikafika. Chini ya mganga alikuwepo mlevi mmoja, ameegemea nguzo, anasoma kibao kwa makini ya mtu mwenye shida zote zilizotajwa. Watoto hakuna. Nikapiga simu, haiendi. Nikapiga tena, ikaita kidogo ikafa. Mhasibu akatueleza, na alichosema ni kweli: mnara wa simu una kiasi chake, na maelfu ya watu wakisimama eneo moja wanarusha video kwa wakati mmoja, mnara unawagawia ulicho nacho, kila mmoja anapata kiduchu kisichotosha hata kusema halo. Ujumbe mfupi wa kawaida ndio hupenya, kwa kuwa ni mdogo na unakubali kusubiri zamu. Sekunde hiyohiyo simu yangu ikalia. Kiswaswadu kilikuwa kimetoka kwenye soksi. Ujumbe ulikuwa wa herufi kubwa tupu, kama zilivyo simu hizo mikononi mwa mtu asiyezizoea: MJOMBA TUPO SALAMA. HAJAPANDA BADO.

Nikajibu kwamba saa 6 ni saa 6. Jibu: NDIYO MJOMBA. HAJAPANDA.

Mama wa dera yeye hakukubali. Alivaa viatu, akaenda getini kwa hatua za mtu aendaye kutoa hotuba. Alirudi baada ya dakika chache. Alikuwa amemwambia baunsa kwamba amekuja kumchukua mtoto wake, na baunsa akamuuliza kwa heshima: "Mama, wa VIP au wa kawaida?" Akamwambia mtoto hana daraja. Baunsa akamwonyesha dirisha la tiketi.

Kwa hiyo ilipotimia saa 8 usiku, taa zikazimwa, ngoma zikaanza kupigwa taratibu na mshereheshaji akapiga ukunga wa kutaja lile jina, wazazi tulishangilia kushinda walio ndani. Mzee aliyekuwa akikoroma alitoka garini ananyoosha mikono juu. Bwana wa kandambili alinikumbatia. Muuza kahawa akauliza nani amefunga goli.

Kuna jambo moja hapa ambalo silifanyii mzaha. Machi 2021, pale Uwanja wa Uhuru, watu 45 walipoteza maisha katika msongamano wakati wa kumuaga Rais Magufuli. Hawakuwa wakorofi, walikuwa watu wengi mahali padogo. Tangu hapo nikipeleka mtoto penye umati namwambia jambo lilelile: wimbo wa mwisho ukiisha usiende mlangoni, kaa pembeni, mbali na uzio, subiri watu wapungue hata kama ni nusu saa. Baba yako hana haraka. Nilikuwa nimesubiri tangu saa 1. Nusu saa ilikuwa inanihusu nini?

Walisubiri kweli. Walikuja wameshikana mikono, mmoja nyuma ya mwenzake, mapacha mbele. Mapacha walikuwa hawana sauti. Midomo ilikuwa inafunguka na kufungika, kinatoka kitu cha kukwaruza. Mpwa wangu alikuwa anatembea kifua mbele, kiswaswadu kimening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, maana kuanzia saa 5 kilikuwa ndiyo simu pekee iliyokuwa inapitisha ujumbe katika kundi lile na watu wasiojulikana walikuwa wamepanga foleni kukiazima. Kamba yenyewe ilitoka kwenye kiatu cha yule mrefu wa Salasala, na kiatu bila kamba hakikai. Alikuwa na kimoja. Kingine kilikuwa kimebaki mahali fulani mbele ya jukwaa, pamoja na ile elfu tano ya dharura.

Wakati huo watu wasio na magari walikuwa wanapambana na teksi za mtandaoni. Bwana wa kandambili, kumbe hakuwa na gari, alikuwa ameegemea langu muda wote. Aliweka simu yake kwenye spika tukasikia wote.

"Bosi, upo wapi?"

"Nipo hapa. Programu inakuonyesha."

"Unaelekea wapi?"

"Mbagala. Programu inakuonyesha."

"Unalipa keshi?"

"Keshi."

Kimya kidogo, na safari ikafutwa. Dereva wa pili naye akauliza yaleyale, kwa mpangilio uleule, kana kwamba wamesomea chuo kimoja. Bei nayo ilikuwa inapanda kila akiburuza kidole. Mwishowe mama wa dera, aliyekuwa anaelekea Temeke, akamchukua yeye na wanawe, kwa sharti kwamba kiti cha mbele hakikaliwi, kimewekwa mto.

Mimi gari ninalo, ila halitoki. Vitz nyekundu ilikuwa imejiegesha nyuma yangu mlalo, na kwenye dashibodi kulikuwa na karatasi yenye mwandiko mzuri: "Nikikubana nipigie", na namba. Tukapiga. Yule dada anayekaa ndani ya simu akatuambia kwa Kiswahili, akarudia kwa Kiingereza, kwamba namba tunayopiga haipatikani. Kijana aliyekuwa "ananilindia" gari tangu jioni akaja kunipa pole. "Huyo yuko ndani, mzee. Yupo mbele kabisa." Basi baraza la wazazi likafanya kazi yake ya mwisho. Mhasibu akagawa watu, wawili kila kona na wa akiba katikati, mzee wa kukoroma akahesabu moja, mbili, tatu, na Vitz ikanyanyuka, ikasogea nusu hatua, ikanyanyuka tena, mpaka ikakaa juu ya ukingo wa mtaro, salama kabisa, imeelekea kusikojulikana. Kile kikaratasi tulikiacha kama tulivyokikuta.

Nikawasha gari. Kabla sijaondoka nikahesabu vichwa kwenye kioo cha ndani, kama nilivyoagizwa. Binti, mpwa, pacha, pacha, mrefu, wa Madale. Na kimoja.

"Shikamoo," kikasema kile kichwa kutoka kiti cha nyuma kabisa.

"Marahaba. Wewe ni nani?"

Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha kupungukiwa na mtoto. Mtoto wa ziada hakuna aliyeniandaa naye. Binti yangu akaeleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo lililo wazi: "Anakaa Africana, baba. Si tunapita?" Wenzake walikuwa wamepanda mishikaki, wanne na dereva, akaogopa, akasimama peke yake barabarani mpaka alipowaona watu wameshikana mikono. Alikuwa amevaa koti la jinzi, mkubwa kwa umbo na mdogo kwa macho. Simu imezima. Namba ya nyumbani haijui. Ungefanyaje? Nikaondoka na saba.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa kiwango cha sauti kwenye kumbi na matamasha: wastani usizidi desibeli 100. Sina kipimo, lakini nina Noah iliyojaa vijana waliotoka mbele ya spika, na ninachoweza kushuhudia ni kwamba hakuna aliyekuwa anamsikia mwenzake na wote walikuwa wanasimulia. "ULIONA ALIVYORUKA?" "NINI?" "ALIVYORUKA!" "NANI AMEANGUKA?" Pale Mwenge tulisimama tukala chipsi mayai, wakaagiza kwa kelele hizohizo mpaka mkaanga chipsi akadhani anagombezwa, akaongeza kachumbari bila kuombwa.

Mbele kidogo ya Mwenge polisi wa doria wakatusimamisha.

"Habari za usiku, mzee."

"Salama, afande."

Tochi ikapita usoni kwa mmoja mmoja. "Watoto wako wote hawa?"

"Mmoja."

Tochi ikarudi. "Na hawa sita?"

"Wa watu."

Nilivyoisikia ile kauli ikitoka mdomoni mwangu, usiku wa manane, na mmoja wa hao sita hata jina lake silijui, nilianza kutafuta leseni kabla ya kuombwa. Ndipo nyuma kukalipuka: "SHIKAMOO AFANDE!" Afande akarudi nyuma hatua moja. Akaziona bangili za karatasi za tamasha mikononi mwao, akazima tochi, akainama dirishani na kushusha sauti.

"Alipanda?"

"ALIPANDA SAA NANE!"

Afande akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mimi nilikuwa zamu," akasema, akatupisha.

Africana. Kijana wa koti akaniambia niwashe indiketa, hapohapo kituoni panatosha, shikamoo, asante. Nikamwambia panapotosha ni getini kwao. Tukaingia ndani, kulia, kushoto, mpaka penye geti la bluu. "Naomba uzime taa," akasema. Nikazima. Akashuka, akaangalia huku na huku, akapita geti, akaenda kwenye kona ya ukuta, akaweka mguu kwenye tofali lililokuwa linamsubiri, na kabla sijafungua mdomo alikuwa upande wa pili. Hakuna taa iliyowaka. Nilikaa pale najiuliza kama nigonge, na nikigonga niseme nini: nimekuletea mtoto, ameshaingia?

Salasala ilikuwa kinyume chake. Huko ukuta hauruki mtu. Mrefu aligonga mara moja tu.

"Nani?"

"Mimi, bibi."

"Mimi nani? Na wezi wanasema mimi."

Nikaingilia kati. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe nani, na mkeo anajua uko wapi?"

Mlango ukafunguka. Bibi alikuwa na tochi mkono wa kushoto na mchi wa kinu mkono wa kulia. Hakutumulika usoni. Alianzia chini, miguuni, akakuta alichokuwa anakitafuta.

"Kiatu kingine?"

"Kimepotea, bibi."

"Cha nani?"

Kijana akaangalia pembeni. "Cha kaka."

"Kaka anajua?"

Hakukuwa na jibu. Bibi akaegemeza mchi ukutani, taratibu. "Ingia ulale. Kaka yako anaamka saa 11 kwenda kazini, atakitafuta." Kisha akanigeukia mimi, sauti nyingine kabisa: "Baba, umekula?" Nikamwambia nimeshiba. Akanifungia mihogo ya kuchemsha kwenye karatasi ya gazeti, akasimama mlangoni mpaka nikageuza gari.

Madale sasa. Nyumba ya mjomba ilikuwa "baada ya duka la Mangi, kwenye mwembe". Mchana maelekezo haya yanamfikisha mtu. Usiku wa manane maduka yote yamefungwa, na duka lililofungwa ni milango ya chuma tu, liwe la Mangi au la nani. Miembe je? Ukitaka kuujua utajiri wa miembe ya Madale, utafute mmoja. Tulisimama chini ya kila mwembe, kijana anatoa kichwa dirishani, anautazama, anasema siyo huu, ule una tawi. Mjomba simu yake imezimwa. Aliyetuokoa ni mbwa. Kila uzio tuliopita tulibwekewa kwa matusi, isipokuwa mmoja, ambapo mbwa aliacha kubweka akaanza kulia na kupiga mkia bati. "Ni hapa!" Mjomba akatoka amejifunga shuka, akamtazama mpwa wake, akanitazama mimi, akauliza: "Kwani ulikuwa uje leo?"

Tulifika nyumbani alfajiri. Nilipozima injini simu yangu ikaanza kutetemeka peke yake. Mnara ulikuwa umepata nafasi. Baba uko wapi. Baba tuko kwa mganga. Baba kuna mlevi hapa. Baba umelala? Baba!! Mtumaji alikuwa amelala kiti cha mbele, pembeni yangu, mdomo wazi, namba yangu imeshafutika nusu juu ya kiwiko.

Asubuhi wakati wa kuosha gari tulikuta chini ya viti vifuniko vya chupa, kope za bandia, noti moja ya elfu tano, ambayo mpwa wangu alikuwa ameisahau kabisa kwenye soksi, na koti la jinzi. Limefuliwa, limepigwa pasi, liko kwangu. Kwa hiyo mzazi wa Africana mwenye geti la bluu, kama unasoma hapa: kijana wako anaamkia vizuri, alikula chipsi zake zote, na mishikaki alikataa mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Njoo uchukue koti. Ila mara ya kwanza njoo peke yako, na ukiwa na nafasi, liondoe lile tofali.